KIPANGA ASIBEBESHWE LAWAMA ISIYO YAKE

Kila unapofika wakati wa kanga na kwale kuangua, na kuku wa majumbani kutoka na vifaranga vyao, husikika katika mashamba yetu ya Unguja na Pemba maneno yale yale. Husemwa kwamba kipanga amezidi, kwamba mwewe hampi mtu nafasi ya kufuga, kwamba kozi amewamaliza kanga wa maweni, na kwamba Serikali, kwa kuwalinda ndege hawa, imewapendelea viumbe wa mwituni ikawasahau watu. Upande wa pili husikika jibu la maofisa, nalo huwa fupi: ndege huyo analindwa, asiguswe. Baada ya hapo kila mmoja hurudi kwake, mwananchi na manati yake na ofisa na faili lake, na jambo lenyewe hubaki pale pale lilipokuwa.

Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zina sehemu ya haki, na kwamba pande zote mbili zimeiacha sehemu kubwa ya kazi bila ya kufanywa. Msimamo wetu ni huu: kipanga asibebeshwe lawama isiyo yake, na mwananchi naye asibebeshwe gharama isiyo yake. Mambo haya mawili hayatenganiki. Anayetaka la kwanza bila ya la pili atakuwa na sheria isiyotiiwa. Na anayetaka la pili bila ya la kwanza atakuwa na visiwa visivyo na ndege.

Kwanza inafaa ieleweke tunamzungumzia nani. Watu wengi humwita kipanga au mwewe kila ndege mwenye mdomo uliopinda na kucha kali. Lakini ndege hao si wamoja, wala chakula chao si kimoja. Furukombe tumwonaye pwani huvua samaki, na hana habari na kanga. Mwewe ni mwokotaji zaidi kuliko kuwa mwindaji: hula mizoga, panya, nzige na mabaki ya jikoni, na kifaranga humchukua pale anapomkuta uwanjani hana kinga. Bundi huwinda usiku, na yule bundi mweupe wa majumbani na magofuni chakula chake kikuu ni panya, adui wa mpunga na wa ghala. Kozi ndiye mwindaji hasa wa ndege wenziwe, mwenye kujificha majanini na kutoka ghafla. Kozi wa Pemba ni wa namna yake, na bundi mdogo wa msituni Pemba ni jinsi kamili ya peke yake. Wote wawili hawapatikani mahali pengine popote duniani. Tukiwapoteza, hakuna nchi tutakayokwenda kuomba mbegu.

Sasa na tumpime huyu kozi anayeshitakiwa. Kozi jike, ambaye ndiye mkubwa kuliko dume, uzito wake ni kiasi cha nusu kilo. Kanga mzima hupita kilo moja. Hapana mchukuzi abebaye mzigo unaomshinda mara mbili akaruka nao. Kwa hiyo kozi hawezi kuwa ndiye aliyewamaliza kanga wakubwa. Anachoweza ni kuchukua makinda ya kanga na ya kwale, na hilo hulifanya. Wala hatusemi kwamba halifanyi. Lakini ndege hawa wawindaji huishi kwa jozi, na kila jozi hushika eneo lake na kuwafukuza wengine. Ndiyo maana hatuwaoni wakiruka kwa makundi kama tetere. Walikuwapo pamoja na kanga tangu kabla ya wazee wetu kupanda mkarafuu wa kwanza, na kanga hawakumalizika.

Basi kanga hupungua kwa nini? Wahenga walisema kwamba kanga hazai ugenini. Maneno haya tumezoea kuyatumia kwa watu, lakini yana ukweli wake kwa kanga mwenyewe. Jike la kanga hutaga mayai sita hadi kumi na mawili, chini, katika majani marefu au chini ya kichaka. Makinda yake huanza kumfuata muda mfupi tu baada ya kuanguliwa, na kwa wiki za mwanzo maisha yao yote yamo katika mambo mawili: wadudu wa kula na kichaka cha kujificha. Tukifyeka kichaka chote na kukichoma moto, tukakata kuni mpaka kijiti cha mwisho, tukachoma chokaa na makaa katika maweni bila ya kuipumzisha ardhi, tumemfanya kanga kuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe. Na mgeni hazai.

Baada ya kumvunjia nyumba, huja mikono yetu. Mtu akikuta kiota cha mayai kumi huyachukua yote kumi. Mitego hutegwa katika njia anazopita kanga kwenda majini, na nyavu hutandazwa, na mbwa huachiwa wasake vichakani katika siku zile zile ambazo jike limeatamia. Kozi akichukua kinda moja katika kumi, tisa wanabaki. Aliyechukua mayai kumi hakubakisha kitu, na aliyelinasa jike ameuchukua uzazi wa mwaka huu na wa miaka inayokuja. Lakini jioni barazani ni kozi anayetajwa, kwa sababu kozi hana wa kumjibia.

Yuko na mwizi mwingine ambaye sisi wenyewe tulimkaribisha. Kunguru weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, kwa madhumuni ya kusafisha taka za mji. Ndege hawa hula mayai na makinda ya kila ndege, na vifaranga vya kuku hawawasazi. Wao hawana mipaka ya jozi na eneo; huongezeka kwa kadiri ya taka zinavyoongezeka. Katika miaka ya 1990 ziliendeshwa juhudi za kuwapunguza, na walipungua kweli. Juhudi zilipolegea wakarudi. Jaa lililo wazi ni karamu ya kunguru na ya mwewe pia. Mji au kijiji kinachotupa matumbo ya samaki na mabaki ya chakula ovyo, kisha kikalalamika kwamba mwewe hauachi uwanja, kimemwalika mgeni kikamlaumu kwa kuja.

Hata hivyo, hatupendi kusema mambo nusu nusu. Wako watetezi wa viumbe wanaodai kwamba ndege mwindaji hapunguzi kamwe ndege wanaowindwa na binadamu. Dai hilo nalo si sahihi, na mfano wake umepatikana mbali na hapa, katika nyika ya Langholm, kusini mwa Uskoti. Huko kuna ndege wa jamii ya kwale ambaye matajiri wamekuwa wakimwinda kwa bunduki kama mchezo, na kuna kipanga wa nyikani anayelindwa na sheria za Uingereza tangu 1954. Kwa miaka mingi walinzi wa viwanja vya uwindaji walimwua kipanga huyo kwa siri. Ndipo kati ya 1992 na 1997 wataalamu wakaamua kupima: kipanga aachwe kabisa, na kila kitu kihesabiwe. Majike yaliyojenga viota yalikuwa mawili mwaka 1992. Mwaka 1997 yalifika ishirini. Wataalamu walikadiria kwamba ndege wawindaji waliwapunguza kwale wa msimu wa vuli kwa kiasi cha nusu.

Hilo ni kweli, na anayelificha haitumikii hifadhi. Lakini lisomwe lote. Wataalamu wale wale walionyesha kwamba kati ya 1948 na 1988 kichaka kifupi ambacho ndicho maskani na chakula cha kwale kilipotea karibu nusu kwa kuliwa na kondoo, na kwamba kwale walikuwa wakipungua zamani, kabla vipanga hawajazidi. Mahali pa kichaka paliota majani. Majani yakaleta panya wa nyikani na ndege wadogo. Na hao ndio waliowavuta vipanga kuja kwa wingi. Kumbe aliyemleta kipanga ni yule yule aliyeubadili uwanda. Tena, walinzi walipoondolewa baadaye, mbweha na kunguru waliongezeka, na vipanga wenyewe wakapungua pamoja na kwale, kwa kuwa wote wawili hutaga chini.

Yako na mafunzo zaidi. Mwaka 1998 na 1999 walijaribu kuwawekea vipanga chakula karibu na viota vyao wakati wa makinda, na idadi ya makinda ya kwale waliyochukua ilishuka sana. Kati ya 2008 na 2018 walirudia kazi hiyo kwa miaka kumi, pamoja na kutunza kichaka na kudhibiti mbweha. Kwale walipata nafuu, lakini hawakufika kiasi cha kuwindwa kama zamani. Hatimaye mwaka 2021 wakaazi wa mji ule walichanga fedha wakanunua sehemu kubwa ya nyika ile na kuifanya hifadhi yao wenyewe. Na mwaka 2024 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kumtaka kila mwenye kiwanja cha kuwinda kwale awe na leseni, nayo huweza kunyang'anywa pakionekana uhalifu dhidi ya ndege wanaolindwa. Maana yake ni kwamba mwenye kufaidika na uwanda ndiye aliyepewa dhamana ya ndege wake.

Hatusemi tuige kila linalofanywa Uskoti. Huko anayepoteza ni tajiri aliyekuja kupumzika na bunduki. Hapa anayepoteza ni mama mwenye kuku mmoja na vifaranga kumi, ambao katika hesabu zake ni ada ya skuli, mafuta ya taa na kitoweo cha mgeni. Tunachojifunza ni kwamba kabla ya kuhukumu lazima kupima, na kwamba upimaji huchukua miaka na daftari.

Tena mfano wa kupima tunao hapa hapa nyumbani. Wakulima waliopakana na msitu wa Jozani walilalamika kwa muda mrefu kwamba kima punju wanamaliza nazi zao. Watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walikwenda mashambani wakahesabu vidaka na vitale vilivyoliwa, wakahesabu na nazi zilizoangushwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalionyesha kwamba minazi iliyoliwa vidaka na kima haikupunguza mavuno. Bali mavuno yalielekea kuwa mazuri zaidi, kama mti uliopunguziwa mzigo. Lakini Serikali haikuishia kuwaambia wakulima kwamba wamekosea hesabu. Iliwekwa taratibu ya sehemu ya fedha za wageni waingiao Jozani kurudi katika vijiji vinavyouzunguka msitu, na kuwafikia wale ambao kima hula katika mashamba yao. Hapo ndipo mwanakijiji alipoona kwamba kima ana faida iliyo mkononi mwake na si midomoni mwa watu. Mwaka 2004 Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka zikawa hifadhi ya taifa, na kima wamebaki.

Tunauliza: kipanga ana nini? Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996 imeipa Serikali uwezo wa kuwalinda viumbe pori wa Zanzibar, na Tanzania iliridhia mwaka 1979 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ambao katika orodha zake wamo vipanga, kozi, mwewe na bundi. Yote hayo ni mazuri. Lakini mama aliyenyang'anywa kifaranga chake cha tano hakukutana na mkataba huo. Alikutana na kivuli kilichopita juu ya uwanja wake. Sheria inayomwambia asimrushie jiwe inamtaka alipe kwa vifaranga vyake kitu ambacho ni mali ya taifa zima. Si haki taifa lifurahie na mtu mmoja alipe.

Dawa yake haikuwa ghali. Kifaranga huchukuliwa zaidi katika wiki zake za mwanzo, anapokuwa mwepesi na mjinga wa njia. Akiwekwa muda huo ndani ya tenga kubwa au banda lililofunikwa kwa wavu chakavu wa uvuvi, ambao visiwani kwetu haukosekani, mwewe atazunguka na kuondoka. Ofisa mifugo anayefika kijijini akaonyesha namna ya kulijenga banda hilo atakuwa amewaokoa vipanga wengi kuliko anayefika na onyo. Na akija, aje pia na chanjo ya kideri, iliyokwisha patikana ya kutilia tone la jicho. Kila mfugaji anajua kwamba mwewe huchukua kuku kwa mmoja mmoja, lakini kideri kikiingia kijijini hukomba mabanda yote kwa wiki moja. Tunampigia kelele mwizi wa kuku mmoja na kumwachia mlango mwizi wa kuku wote.

Wako wanaotukumbusha, na wana elimu yao, kwamba mwewe amehesabiwa pamoja na kunguru katika viumbe wadhuru ambao hata mwenye kuhirimia ameruhusiwa kuwaua. Hatubishani na hilo. Lakini ruhusa ya kuondoa madhara si amri ya kuimaliza jinsi, na aliyefundishwa chuoni kwamba ndege nao ni umma kama sisi hawezi kuifanya ruhusa hiyo kuwa vita. Anayedhuru azuiliwe kwa kadiri ya dhara yake. Ama bundi, ambaye hupigwa mawe kwa sababu tu ya sauti yake usiku, hana hata hilo dhara. Anayemwua bundi kwa kuogopa uchawi amewapa panya sikukuu.

Na tusidhani kwamba kumaliza ni jambo gumu. Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo wa umbo na mwenye madoa ya namna yake. Alihusishwa na uchawi, alikula mbuzi, watu wakamchukia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 iliendeshwa kampeni ya kumwangamiza. Leo hakuna mzee awezaye kumpeleka mjukuu wake msituni akamwonyesha chui. Chuki ile ilikuwa na sababu zake, kama ilivyo chuki ya kipanga. Lakini kilichokwisha hakirudi kwa azimio la kikao.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika wa ngazi zote. Idara inayosimamia misitu ianzishe hesabu ya kila mwaka ya kanga, kwale na ndege wawindaji, shehia kwa shehia, ikiwatumia vijana wa skuli na wasasi wenyewe, kwa kuwa msasi anayajua maficho kuliko ofisa. Masheha wawe na daftari la kuandikia vifaranga vilivyochukuliwa, ili malalamiko yawe na tarehe na idadi badala ya kuwa na kelele tu. Majira ya kutaga yatangazwe mapema na yaheshimiwe: mitego ing'olewe, mbwa wafungwe, mayai yaachwe. Mikataba ya hifadhi ya misitu ya jamii, ambayo vijiji vingi vimekwisha itia saini, itaje pia kichaka cha kanga na kiachwe ukanda wake kati ya konde na konde. Majaa yafukiwe, na vita vya kunguru viendeshwe bila ya kupumzika wala kutapanya sumu, kwa sababu sumu haijui kunguru na haijui kozi. Na pale ambapo ndege mmoja amezoea uwanja mmoja akawa balaa kweli, aitwe mtaalamu aje mwenyewe kuliangalia, na afike kabla ya vifaranga kwisha.

Kwa wananchi wenzetu tunasema hivi. Yupo msemo wa kale usemao kozi mwana mandanda, kulala njaa kupenda. Ndege huyu tumemjua kwa majina, tumemtia katika methali zetu, tumemheshimu kwa ushujaa wake. Si mgeni aliyeletwa na ofisi. Kabla ya kumtupia jiwe, mtu na ajiulize mayai ya kanga ya mwaka jana yaliliwa na nani, na kichaka cha nyuma ya konde kilichomwa na nani.

Na kwa maofisa tunasema: msiwatake watu maskini wavumilie kwa niaba yenu. Mkitaka kipanga aishi, nendeni mkajenge banda la kwanza kwa mikono yenu katika uwanja wa yule anayelalamika zaidi, kisha ndipo msome kifungu cha sheria. Hapo kifungu hicho kitasikilizwa.